Mama damu hasi, mtoto damu chanya: cha kufanya kuanzia kliniki hadi mtoto atulie nyumbani

Usiku mmoja nikiwa zamu wodi ya wazazi nilimpokea mama wa mimba ya tatu. Kadi yake ya kliniki ilikuwa imetunzwa vizuri, iko ndani ya mfuko wa nailoni, mahudhurio yote yamejazwa. Kwenye nafasi ya kundi la damu paliandikwa herufi B, na mbele yake kamstari kafupi ka wino wa bluu. Ukiwa na haraka utadhani kalamu imeteleza. Nilimuuliza habari za uzazi uliopita. Mtoto wa kwanza mzima, yuko darasa la pili. Wa pili alifariki siku ya tatu. "Alikuwa wa njano mwili mzima, dada. Upande wa mume walisema amerogwa."

Kamstari kale hakakuwa wino ulioteleza. Mama yule alikuwa B hasi, na tangu mtoto wa kwanza hakuna mtu aliyekasoma.

Ninayoandika hapa ni ya kukusaidia kukasoma wewe mwenyewe, mama au baba, na kujua nini cha kudai, lini, na kwa nani. Dawa ya kuzuia tatizo hili ilianza kutumika mwaka 1968. Kinachowaponza wengi hadi leo ni karatasi isiyosomwa na siku tatu zinazopita kimyakimya.

Kwanza, damu za nani haziendani?

Mitaani tunasema "damu zao haziendani" tukimaanisha mume na mke, na nimeshuhudia ndoa ikitikiswa kwa kauli hiyo. Damu ya mume haikutani na damu ya mke popote. Mgongano unaozungumzwa ni kati ya mama na mtoto aliye tumboni, na hutokea kwa namna mbili.

Ya kwanza ni ya alama, yaani hasi na chanya, ambayo wataalamu huiita Rh. Watu wengi wana kitu kinachoitwa D juu ya chembe zao nyekundu za damu. Hao ni chanya. Asiye nayo ni hasi. Kwa Wazungu wa Ulaya, walio hasi ni kama 15 katika kila 100. Kwetu Afrika Mashariki ni wachache zaidi, wanne au watano hivi katika 100, na nadhani ndiyo sababu hata sisi watumishi tunasahau kuwatafuta.

Mama hasi akibeba mtoto chanya aliyerithi D kwa baba, mimba hiyo ya kwanza kwa kawaida huenda salama. Shida huanza wakati wa kujifungua. Kondo la nyuma linapobanduka, damu kidogo ya mtoto huingia kwenye mishipa ya mama. Mwili wa mama unaiona D kama mgeni na kuanza kutengeneza kingamwili za kuishambulia. Zinachelewa, kwa hiyo mtoto huyu ameshazaliwa na ameponea. Ila mwili hausahau. Mtoto chanya wa pili akikaa tumboni, kingamwili zile, safari hii aina ndogo zinazopenya kondo, zinamfuata huko huko na kuvunja chembe zake nyekundu. Anapungukiwa damu, na baada ya kuzaliwa anageuka manjano.

Namna ya pili ni ya herufi: mama ni O na mtoto ni A au B. Hii ni ya kawaida mno na mara nyingi ni nyepesi. Nitaigusa baadaye, maana haina sindano ya kuzuia na haina haja ya kuwatisha watu.

Na kabla hatujaendelea: manjano ya mtoto mchanga si homa ya manjano. Homa ya manjano ni ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu na una chanjo yake. Nimewahi kuona bibi amekuja na kadi ya chanjo ya safari ya binti yake akiamini inamlinda mjukuu.

Hatua ya 1: Pata herufi pamoja na alama yake

Hudhurio la kwanza la kliniki, kabla ya wiki ya 12 ikiwezekana, damu yako itachukuliwa kwa vipimo kadhaa na kundi ni mojawapo. Kwenye maabara nyingi kipimo chenyewe hufanyika juu ya kigae cheupe au kioo. Mtaalamu anadondosha matone matatu ya dawa: la bluu la kutafuta A, la njano la kutafuta B, na lisilo na rangi la kutafuta D. Anachanganya kila tone na damu yako, anatikisa kigae taratibu, kisha anaangalia. Damu ikikatika vipande kama maziwa yaliyoganda, jibu ni ndiyo. Ikibaki laini, ni hapana. Tone lile la tatu ndilo linalokuhusu. Likibaki laini, wewe ni hasi.

Dakika chache tu, lakini jibu linaweza kupotea njiani kati ya kigae na kadi. Nimeona kadi zilizoandikwa "O" peke yake. Nimeona "A+" ambayo msalaba wake uliongezwa kwa wino mwingine. Kwa hiyo usiondoke na herufi tupu. Mwambie muuguzi, "Dada, naomba uniandikie kwa maneno, chanya au hasi." Neno halitelezi kama mstari. Ukiambiwa u hasi, omba kipimo kirudiwe mara moja zaidi kwa damu mpya, kisha mwambie mtu mmoja nyumbani ambaye atakuwepo siku ya uchungu. Siku hiyo wewe hutakuwa na akili ya kueleza.

Kama wewe ni chanya, suala la D limeishia hapo, hata kama mume ni hasi. Watu wengi wamekosa usingizi bure kwa kugeuza jambo hili kichwa chini.

Hatua ya 2: Damu ya baba

Baba naye akiwa hasi, mtoto atakuwa hasi, na hakuna vita. Baba akiwa chanya, mtoto anaweza kuwa chanya kwa hakika au kwa bahati nusu kwa nusu, kutegemea baba alirithi nini kwa wazazi wake.

Wanaume wengi hawajui kundi lao na hawapendi kuja kliniki kuchomwa kidole. Njia rahisi niliyoizoea kuwashauri ni kuchangia damu. Kwa Tanzania, wachangiaji wa Damu Salama hupimwa kundi bila malipo, na chupa aliyotoa itamfaa mtu mwingine. Akirudi na jibu, lisome nalo: herufi na alama.

Jambo moja la busara hapa. Hospitali nyingi humpa mama hasi sindano ya kuzuia bila kujali baba amesema yeye ni kundi gani. Si kwamba wanamtilia mtu shaka. Hawataki kuifunga hatima ya mtoto kwenye kumbukumbu ya mtu kuhusu kipimo alichofanya akiwa sekondari. Mume akinuna, mweleze hivyo.

Hatua ya 3: Uliza kama mwili tayari umeshajua

Kwa mama hasi kuna kipimo cha pili ambacho hutafuta kingamwili ndani ya damu yake. Kinaitwa kipimo cha Coombs, kwa jina la mtafiti Robin Coombs wa Cambridge, Uingereza, ambaye yeye na wenzake wawili walikitangaza mwaka 1945. Kipo cha mama na kipo cha mtoto. Kwa sasa omba cha mama. Hakifanyiki kila zahanati, kwa hiyo unaweza kutumwa hospitali ya wilaya au ya mkoa. Nenda.

Jibu likiwa hakuna kingamwili, uko kwenye nafasi nzuri kabisa: sindano itakusaidia, endelea hatua ya 4. Kipimo hurudiwa karibu na wiki ya 28.

Jibu likiwa kingamwili zipo, sindano haitazifuta, na hakuna haja ya kuinunua. Mimba yako sasa ni ya daktari bingwa. Watapima kiwango cha kingamwili mara kwa mara, na kikipanda watamwangalia mtoto kwa mashine ya picha inayopima kasi ya damu kwenye mshipa wa ubongo wake. Damu ikipungua mwilini, kasi huongezeka. Ipo hata tiba ya kumwongezea mtoto damu akiwa bado tumboni, iliyoanzishwa New Zealand mwaka 1963, ingawa kwetu hospitali zinazoiweza ni za kutafuta. Kinachowezekana karibu kila mahali ni kupanga kujifungulia hospitali yenye taa za kutibu manjano, benki ya damu na daktari wa watoto. Panga mapema, na nauli iwe imewekwa.

Hatua ya 4: Sindano yenyewe, na siku zake

Dawa inaitwa anti-D, na hospitalini kila mtu anaiita hivyo. Hutengenezwa kutokana na utegili, yaani majimaji ya damu, wa wachangiaji wenye kingamwili hizi. Mmoja wao, James Harrison wa Australia, alichangia mara 1,173 hadi alipostaafu mwaka 2018; alifariki mwaka 2025. Ukiichomwa, kingamwili hizo za kuazima husafisha chembe za mtoto kabla mwili wako haujazitambua. Mwili haujifunzi kitu, na mimba ijayo inaanza na ukurasa mweupe.

Kwa kuwa ni za kuazima, zinaisha baada ya wiki kadhaa. Anti-D si chanjo ya maisha. Kila mimba ina sindano zake.

Panapopatikana uwezo, ya kwanza huchomwa wiki ya 28, au kati ya 28 na 34. Vituo vingi vyetu hutegemea ile ya baada ya kujifungua peke yake. Tofauti ipo: bila sindano yoyote, mama hasi aliyezaa mtoto chanya wa herufi zinazolingana na zake ana uwezekano wa kama 16 katika 100 wa kutengeneza kingamwili. Ya baada ya kuzaa hushusha hadi mmoja au wawili. Ukiongeza ya wiki ya 28 inashuka chini ya mmoja. Ukiwa na fedha ya moja tu, iweke kwa ya baada ya kuzaa.

Hesabu hiyo pia ndiyo jibu kwa shangazi atakayekwambia yeye ni hasi na ana watoto watano wazima. Inawezekana kabisa. Huenda mumewe ni hasi, huenda watoto ni hasi, au alikuwa upande wa wale 84. Usiige bahati ya mtu.

Kuna siku nyingine ambazo damu ya mtoto inaweza kupenya, na hizi ndizo zinazosahaulika zaidi: mimba kuharibika, mimba kutunga nje ya kizazi, kutokwa damu ukeni ukiwa mjamzito, kuanguka au kupigwa tumboni, ajali ya bodaboda, daktari kumgeuza mtoto aliyekaa vibaya. Ikitokea lolote kati ya haya, nenda na sentensi moja mdomoni: "Mimi ni damu hasi." Kwa mimba iliyotoka chini ya wiki 12, Shirika la Afya Duniani siku hizi halisisitizi sindano, na madaktari hutofautiana, muulize wako. Ila asiamue kwa sababu hukumwambia.

Sindano si rahisi kwa bei na haikai kila duka la dawa. Ulizia mwezi wa saba wa mimba: hospitali yako huwa nayo? Bima inalipa? Ikibidi ununue nje, nunua kwa duka lenye friji inayofanya kazi, maana hutunzwa nyuzi 2 hadi 8 na haitakiwi kuganda. Isafirishe kwenye chombo cha baridi, barafu ikiwa imefungwa kwa kitambaa isiiguse chupa. Kipimo cha kawaida ni mikrogramu 300, sawa na yuniti 1,500. Soma lebo kabla ya kulipa.

Hatua ya 5: Chumba cha kujifungulia na saa 72

Ukifika na uchungu, sema tena: "Mimi ni hasi." Sema kwa kila zamu inayoingia. Mtoto akishatoka na kitovu kukatwa, damu huchukuliwa kwenye kitovu upande wa kondo, mtoto hachomwi. Kwenye chupa hiyo hupimwa kundi la mtoto, Coombs ya mtoto, wingi wa damu na bilirubini, ile rangi ya manjano inayotokana na chembe nyekundu zilizovunjika. Kama chumba kimechafuka kazi, mtu wako ndiye aulize: "Damu ya kitovu imechukuliwa?" Kondo likishatupwa, nafasi hiyo imekwenda na itabidi mtoto achomwe.

Mtoto akiwa hasi, hongera, huhitaji sindano. Akiwa chanya na wewe huna kingamwili, unachomwa anti-D kwenye msuli, mara nyingi wa bega, ndani ya saa 72. Anayechomwa ni mama. Mtoto hachomwi.

Majibu yakichelewa, mfano umejifungua Ijumaa jioni na maabara inaamka Jumatatu, mwombe daktari akuchome bila kusubiri. Kuchomwa bure hakukudhuru, kukosa kunadhuru.

Ikiwa zimeshapita saa 72, bado nenda. Namba hiyo ina historia ya ajabu kidogo. Dawa ilijaribiwa kwa wafungwa waliojitolea katika gereza la Sing Sing, New York, na watafiti hawakuruhusiwa kuingia kila siku, ndiyo wakawa wanachoma siku ya tatu. Ikafanya kazi, na siku tatu zikawa kanuni. Siku ya nne au ya saba kinga hupungua lakini haijawa sifuri, na madaktari huchoma hata siku ya kumi na kuendelea. Kuchelewa kusigeuke kuacha.

Nimewahi kubishana na mama aliyeapa kwamba "nilichomwa ile sindano." Tulipofukua kadi, ilikuwa ya pepopunda. Mwingine alichomwa ya kuzuia kutokwa damu pale kondo linapotoka. Zote hizo kila mama huchomwa. Ya kwako ina jina, na jina hilo pamoja na tarehe na saa viandikwe kwenye kadi ukiwa unaona. Boksi la dawa lina namba ya toleo. Piga picha kwa simu.

Hatua ya 6: Kumtazama mtoto, hasa siku tano za mwanzo

Hii inawahusu mama hasi na mama O pia.

Watoto wengi wachanga huwa na manjano kidogo siku ya pili au ya tatu, yakazidi hadi siku ya tano, kisha yakaisha ndani ya wiki mbili. Hayo ni ya kawaida. Yanayotokana na damu kutokuendana huwahi. Manjano yanayoonekana kabla mtoto hajatimiza saa 24 si ya kawaida hata siku moja. Hakuna "tusubiri asubuhi."

Kwa ngozi zetu, kumtazama mtoto kwa balbu ya njano au chini ya chandarua cha bluu ni kujidanganya. Mpeleke dirishani mchana. Bonyeza ncha ya pua au paji la uso kwa kidole, achia, tazama rangi inayobaki kabla damu haijarudi. Angalia weupe wa macho akifumbua, fizi, kisha viganja na nyayo. Manjano hushuka kuanzia kichwani kwenda miguuni kadiri yanavyozidi. Yakifika viganjani na nyayoni, uko kwenye hatari, beba mtoto uende sasa hivi.

Nenda pia bila kungoja rangi ikiwa mtoto amelegea, halali kawaida bali hazinduki kunyonya, analia sauti nyembamba kali isiyo yake, anajikunja mgongo kwa nyuma kama upinde, au anashtukashtuka. Bilirubini ikizidi huingia kwenye ubongo. Anayenusurika anaweza kubaki kiziwi au na mtindio wa ubongo, na hapo hakuna kurudi nyuma.

Wengi wetu huruhusiwa kwenda nyumbani siku inayofuata baada ya kujifungua, kabla manjano hayajafika kilele. Kama wewe ni hasi au O na mtoto ana herufi tofauti, omba mtoto apimwe kabla hamjatoka, na rudi siku ya tatu hata kama unamwona mzima.

Nyonyesha. Mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku umo. Bilirubini hutoka kwa choo, na choo hutokana na maziwa. Kingamwili zilizomo kwenye maziwa yako hazimdhuru. Anayekwambia usimnyonyeshe kwa sababu damu zenu hazipatani amekosea. Maji ya glukosi hayaondoi manjano, yanajaza tumbo tu mtoto akaacha ziwa.

Halafu jua. Hili nalizungumza kwa upole kwa sababu mama zetu hawakulitoa hewani. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford, Essex, muuguzi aliyependa kuwatoa watoto bustanini aligundua kwamba ngozi iliyopigwa na jua ilikuwa imepauka, na iliyofunikwa na shuka imebaki ya njano. Tiba ya taa ilizaliwa hapo. Lakini jua la asubuhi uani halipimiki: mtoto anapata dakika kumi, anapata baridi au joto, na wewe unapata utulivu wa uongo wakati bilirubini inapanda. Kama anahitaji mwanga, anahitaji wa hospitali.

Na zile tembe nyeupe za naftalini za kufukuza wadudu kabatini: usiweke nguo za mtoto nazo. Kuna watoto, wa kiume hasa, waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu, upungufu usio nadra huku kwetu kwenye malaria. Harufu hiyo peke yake inaweza kuvunja damu yao. Nguo zilizokaa nazo zifue na kuzianika mpaka harufu iishe.

Hatua ya 7: Akilazwa

Mtoto atalazwa chini ya taa za bluu akiwa na nepi tu, macho yamefunikwa. Kina mama wengi hulia wanapoona kile kitambaa cha macho. Ni kulinda mboni. Kazi yako pale ni tatu: kumnyonyesha kila saa mbili au tatu bila kuchelewesha kumrudisha, kuhakikisha hakuna aliyefunika kitanda kwa kanga ili "asipate baridi" na hivyo kuziba mwanga, na kumweleza muuguzi kitambaa kikiteleza kikaziba pua. Choo chake kitakuwa laini na cha kijani. Ndiyo bilirubini inatoka.

Uliza namba kila inapopimwa na iandike kwenye daftari pamoja na saa. Baadhi ya maabara hutumia mikromoli, nyingine miligramu. Miligramu moja ni kama mikromoli 17, usije ukashtuka ukidhani imepanda mara kumi na saba kwa kubadilisha hospitali.

Namba ikikaribia kiwango cha hatari, daktari atazungumzia kubadilisha damu. Hutoa damu ya mtoto kidogo kidogo kupitia mshipa wa kitovu na kuingiza ya mchangiaji, jumla ikiwa kama mara mbili ya damu yote aliyonayo. Kwa tatizo la D, damu inayoingia ni hasi. Inatisha kuitazama, lakini nimeona mtoto akiingia amelegea na kesho yake akilia njaa. Hapa ndipo ndugu wenye damu hasi wanapotakiwa, kwa sababu ni adimu benki. Kama unajua ndani ya ukoo nani ni hasi, andika namba zao za simu mwezi wa nane wa mimba.

Mama wa kundi O

Kingamwili dhidi ya A na B unazo tangu utotoni, ndiyo maana mtoto wa kwanza anaweza kuguswa. Wengi hawaguswi kabisa au hupata manjano ya kutibika kwa taa siku moja mbili. Mtoto wa pili si lazima awe mbaya zaidi ya wa kwanza. Hakuna sindano, hakuna dawa ya kumeza kabla. Fuata hatua ya 6 kwa makini.

Kichekesho ni kwamba mama O hasi aliyebeba mtoto A chanya ana afadhali kidogo upande wa D: kingamwili zake za herufi huwahi kuzila chembe za mtoto kabla mwili haujaitambua D. Bado achomwe sindano yake.

Mkisharudi nyumbani

Manjano yameisha, watu wamekuja kumpongeza mtoto, na hapa ndipo familia hulegea. Kingamwili za mama huendelea kuzunguka ndani ya mtoto kwa wiki kadhaa, zikivunja damu taratibu bila kumgeuza rangi. Mtoto aliyetibiwa kwa tatizo la D anaweza kupungukiwa damu kati ya wiki ya pili na ya nane. Dalili ni viganja vyeupe, kuchoka akinyonya, jasho kichwani akiwa ziwani, kupumua haraka. Omba wingi wa damu upimwe wiki ya pili, ya nne na ya sita, hata kama ananenepa. Aliyewahi kufikisha bilirubini ya juu apimwe na masikio pia.

Kisha chukua kadi ile ile. Kabla hujaiweka kabatini, andika kwenye jalada kwa kalamu nene: kundi lako kwa maneno, kundi la mtoto, tarehe uliyochomwa anti-D, na jibu la Coombs la mwisho. Piga picha, mtumie mume na mama yako. Mama yule wa B hasi nilimwandikia hivyo mwenyewe. Mtoto wake wa tatu alikaa chini ya taa siku sita, akabadilishwa damu mara moja, na wiki ya tano akaongezewa damu. Aliporudi kwa kipimo cha masikio alikuwa amembeba mgongoni kwa kanga, na kadi iko mkononi, nje ya nailoni.